IST ya milioni tisa na nusu

Wifi yangu alinitumia picha sita saa nne usiku, kisha akafuatisha na sauti: "Wifi, hebu iangalie hii, dalali anasema kesho asubuhi kuna mtu anakuja na hela mkononi." Toyota IST, rangi ya fedha, namba za usajili za herufi D, imetoka kuoshwa, tairi zimepakwa mafuta zinang'aa kama viatu vya mwanafunzi wa bweni siku ya Jumatatu. Chini yake ile aya tunayoijua sote: ilikuwa ya mdada wa ofisini, injini haijafunguliwa, AC kama friji, cc 1490, unaingia barabarani tu. Milioni tisa na nusu, maongezi yapo kidogo.

Kaka yangu, mume wake, yuko mgodini Geita. Alishaziona picha na jibu lake lilikuwa neno moja: "Chukua." Nilimwelewa. Mkewe ni muuguzi, wanakaa Goba, Dar es Salaam, anapangiwa zamu za usiku mara mbili tatu kwa wiki, na habari za bodaboda za saa tano usiku hazimpi mwanaume usingizi akiwa zaidi ya kilomita elfu moja kutoka nyumbani. Ila hela yao yote ya gari ilikuwa milioni kumi. Gari la milioni tisa na nusu lingewaachia laki tano, na laki tano kwa gari la mwaka 2004 ni hela ya tairi tatu.

Mimi si fundi. Nauza spea Shaurimoyo, Ilala, huu mwaka wa kumi na moja. Lakini mtu wa kaunta ya spea ana elimu yake ambayo fundi hana: anajua watu hununua nini wiki moja kabla ya kuuza gari. Hununua mauntingi moja ya injini, ile mbovu kuliko zote, ili gari lisitetemeke mbele ya mteja. Hununua breki pedi za bei ya chini kabisa. Hununua oili nzito, maana oili nzito hunyamazisha injini iliyochoka, na hunyamaza muda wa kutosha hela ibadilishe mikono. Na hununua marashi ya gari. Kwa hiyo ninapoitwa kukagua, natazama kwanza vitu vipya. Kitu kipya kwenye gari la miaka ishirini kina sababu ya kuwa pale.

Nilimwambia dalali tutafika saa tatu. Tukafika saa moja kasoro, Makongo Juu, mimi, wifi, na kijana mmoja fundi umeme wa mtaani kwetu aliyebeba mashine yake ya kusomea kompyuta ya gari. Dalali hakuwepo. Muuzaji, baba mmoja mpole wa makamo, alitoka na msuli na mswaki mdomoni. Nikamsalimu, nikaomba radhi kwa kuwahi, nikaweka kiganja juu ya boneti. Baridi. Hapo nikajua nusu ya kazi imeenda vizuri, kwa sababu injini iliyopashwa moto kabla hujafika haikuambii kitu.

Wakati anavaa shati nikaanza na namba ya chesisi. Ilianza na NCP60. IST za kizazi cha kwanza, zile za kuanzia 2002, ziko hivi: NCP60 ina injini ya 2NZ, ndiyo watu huita cc 1290, NCP61 ina 1NZ, cc 1490, NCP65 ni 1490 ya kuvuta tairi zote nne. Tangazo lilisema 1490. Sikudhani yule baba anadanganya, na nilipomuuliza alishangaa kweli. Aliambiwa hivyo naye alipolinunua. Kwa mtu wa kwenda kazini na kurudi 1290 haina shida yoyote, lakini bei ya sokoni kati ya hizo mbili haifanani, na sisi tulikuwa tunaombwa bei ya ile kubwa.

Kisha mbele. Ukitaka kujua kama gari liligongwa, usianze na rangi ya juu, anza na bolti. Bolti za fenda na za bawaba za boneti hutoka kiwandani zikiwa zimepakwa rangi pamoja na bodi. Spana ikiingia, rangi inachubuka kwenye pembe na hairudi. Za fenda ya kulia zilikuwa zimechubuka zote. Chini ya boneti, kwenye mikunjo ambayo fundi wa kupuliza huwa haifikii, kulikuwa na bluu. Boneti lilitoka kwenye gari lingine. Taa ya kushoto ilikuwa na chapa ya Koito, ya kulia haikuwa na chapa ya mtu yeyote. Nikapitisha sumaku niliyoiviringisha kwenye kitambaa: milangoni ilishika, juu ya tairi la mbele kulia ikateleza kama imewekwa kwenye sahani. Puti, lile rojo la kujazia bati lililobonyea.

"Baba, hapa iligongwa?"

"Aah, bajaji tu, dada yangu. Bampa."

Bajaji haibadilishi boneti, lakini sikubishana. Nilichotaka kujua ni kama ajali ilifika kwenye chesisi yenyewe. Nikalala chini na tochi. Zile boriti mbili za mbele zilikuwa zimenyooka, hazina mikunjo, sili zake za kiwandani bado zipo. Swichi ilipowashwa, taa ya eabegi iliwaka sekunde chache ikazima, maana yake balbu haijang'olewa na mfumo unajiona mzima. Vioo vyote vilikuwa na chapa moja. Kwa hiyo: liligongwa mbele kulia, kwa wastani, likanyooshwa na fundi asiye mbaya. Rejeta, ile ya kupozea maji ya injini, ilikuwa mpya, nyeusi tii, haina kibandiko cha kampuni. Nikaandika kwenye daftari langu "rejeta mpya" upande wa faida. Kumbuka hapo, nitarudi.

Dashibodi ilisoma kilomita 98,432. Namba nzuri, iko chini kidogo ya laki, kama bei ya Bata. Nikafungua mlango wa dereva nikatazama kwenye nguzo, pale Wajapani wanapobandika karatasi ya kubadilisha oili. Wauzaji wengi huziona kama uchafu wakazibandua. Hii ilikuwapo, imefifia, na maandishi ya kalamu bado yanasomeka: mwaka 25, kilomita 104,500. Mwaka 25 ni wa Heisei, enzi ya mfalme wao wa wakati ule, ambayo mwaka wake wa kwanza ulikuwa 1989. Jumlisha 1988 unapata 2013. Yaani mwaka 2013, likiwa bado Japani, gari hili lilikuwa limeshatembea kilomita laki moja na elfu nne mia tano. Likaja Dar, kadi yake ya usajili ilikuja kuonyesha limesajiliwa 2015, likatembea miaka tisa kwenye foleni za Ubungo na Mwenge, na likawa limerudi nyuma kilomita elfu sita.

Wifi alinitazama macho yamemtoka. Alitaka tuondoke palepale. Nikamvuta pembeni nikamwambia wifi, tulia. Kilomita zilichezewa, ndiyo, lakini na nani? Muuzaji ni mkono wa tatu au wa nne. Inawezekana zilirudishwa kabla hazijamfikia. Na hata zingekuwa za kweli, gari la miaka ishirini hulinunui kwa kilomita. Nilifuta ile namba kichwani nikahukumu kwa miguu na mikono ya waliolitumia: mpira wa pedali ya breki umelika upande mmoja hadi bati linachungulia, usukani umekuwa laini kama kipini cha jembe, siti ya dereva imebonyea upande wa mlangoni. Hilo ni gari la kilomita laki mbili na kitu. Tulihukumu hivyo na tukalipangia bei ya hivyo. Watu hukasirikia kilomita zilizochezewa kama wamefumania. Mimi naona hasira hiyo ingefaa zaidi kutumika kwenye kadi, na tutafika huko.

Tukawasha. Iliwaka mara moja, haikutoa moshi wa bluu, haikugonga. Nikafungua mfuniko wa oili: hakuna ute mweupe kama maziwa. Oili yenyewe ilikuwa nyeusi na nyepesi, jambo lililonifurahisha, kwa sababu hakuwa ameweka ile nzito ya kuuzia. Lakini mzunguko wa injini ulikaa juu. Injini ya baridi hupaswa kunguruma kidogo kisha ikashuka kadiri inavyopata joto. Hii ilinguruma dakika tano, saba, kumi, ikashuka kidogo, ikabaki pale. Nikaenda kushika rejeta. Injini ikiwa inapata moto, rejeta hutakiwa kubaki ya baridi kwa muda, maana themostati imefunga maji yazunguke ndani ya injini tu. Ikifunguka ndipo rejeta inapata moto. Hii ilianza kuwa ya uvuguvugu tangu mwanzo, polepole, kama sufuria juu ya jiko la mkaa lisilopepewa.

Kijana wa umeme akachomeka mashine yake. Hapa niseme kidogo kwa wanaonunua vile vidude vya Bluetooth vya kuchomeka kwenye gari na kusoma kwa simu: magari mengi ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayaelewani navyo, na kidude kikikataa si lazima gari liwe bovu. Mashine ya fundi ilisoma. Tulitoka barabarani, tukateremka mlima, tukaenda hadi Tegeta na kurudi kwa mwendo wa sabini. Joto la maji halikuwahi kuzidi nyuzi 68. Injini ile hutakiwa kuwa juu ya 80.

Themostati haikuwepo. Ilitolewa. Fundi wa Dar ukimuuliza atakwambia, "Hii si Japani mama, joto lote hili themostati ya nini?" Jibu lake ni mafuta. Kompyuta ya gari ikiona injini ni ya baridi inaendelea kumimina petroli kama vile ni asubuhi, siku nzima. Wifi angekuwa anachangia kituo cha mafuta bila kujua kwa nini. Themostati na kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, na ufundi ni kama elfu sabini. Nikaandika elfu sabini nikageuza ukurasa. Kosa langu kubwa katika kisa hiki nililifanya hapo, kwa kalamu ya bluu, kwa kujiamini kabisa.

Mlimani gari lilijitetea vizuri. Wakati wa kushuka niliachia mafuta kabisa hadi chini, kisha nikakanyaga ghafla huku kijana akitazama nyuma. Injini inayokula oili hutoa wingu la bluu pale pale. Halikutoka. Gia ziliingia bila kusita, za mbele na ya nyuma. Kwenye matuta shokapu za mbele zililia, linki za stabilaiza nazo zikaitikia. Breki zilivuta sawa. Tairi, pamoja na kung'ara kwake, mbili zilikuwa na tarehe ya 1117 na mbili 3816, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2017 na wiki ya 38 ya mwaka 2016. Kashata zake, yale meno ya tairi, zilikuwa bado zipo, ila mpira umeshakauka na kupasuka pembeni. Tairi ya miaka minane kwa mtu anayetoka kazini usiku wa mvua, hapana.

Tuliporudi dalali alikuwa amefika na amenuna. Nikaomba kadi ya gari.

Ikaja kopi.

"Orijino iko kwa mdogo wangu, Kibaha," yule baba akasema. Nikaomba ufunguo wa pili. "Ulipotea, dada." Nikaitazama ile kopi: jina la mwanamke, si lake. Yeye alilinunua kwa huyo mama, yuko Morogoro, miaka miwili iliyopita, akaandikishana naye mkataba na hakuwahi kubadilisha jina.

Hapa ndipo niliposimama, na ndipo ningependa msomaji anayetafuta gari asimame muda mrefu kuliko alivyosimama kwenye injini. Mauntingi, shokapu, tairi, puti, hata injini nzima, vyote vina bei Shaurimoyo. Nakutajia sasa hivi. Sina duka la kukuuzia jina lililo kwenye kadi. Kwa TRA, mamlaka ya mapato, mwenye gari ni yule aliyeandikwa. Huyu baba alikuwa anauza kitu ambacho kwa karatasi si chake, na yule ambaye ni chake hatujamwona. Akifariki kesho, wifi atakuwa anajadiliana na warithi. Na jina kutobadilishwa lilikuwa tatizo dogo kati ya mawili. Kopi badala ya orijino, pamoja na ufunguo mmoja, kwa mtu wa Dar vikikaa pamoja vina harufu yake: mikopo ya kadi. Wakopeshaji wa mtaani huchukua kadi orijino, ufunguo wa akiba, na mkataba wa mauziano uliosainiwa kabisa na kuachwa bila tarehe. Mkopaji anaendelea kuendesha. Siku akishindwa, wanalifuata gari popote lilipo, na aliyelinunua juzi anaamka anakuta pale alipolipaki pana alama ya oili tu.

Sikumwaibisha. Nilimwambia, "Baba, gari tumelipenda. Likiwa lina deni mahali si dhambi, sema tulipange. Lakini bila orijino mezani hatutoi hata shilingi ya kishika uchumba." Dalali akaanza ile nyimbo ya mteja mwingine anakuja na hela. Nikamwambia amkaribishe. Nilikuwa namaanisha, na wifi alikuwa analia kimoyomoyo kwa sababu alishajiona ndani ya lile gari akisikiliza taarabu kwenye mvua.

Siku mbili baadaye yule baba akapiga mwenyewe, bila dalali. Kadi ilikuwa kwa mkopeshaji, deni pamoja na riba ni 2,650,000. Ninamheshimu kwa simu ile.

Kaka yangu kule Geita sasa akageuka: kutoka "chukua" akawa "achaneni nalo". Nikafikiri tofauti. Deni linalojulikana kiasi chake na mahali lilipo si deni la kuogopa tena, linalipika. Swali lilibaki moja, yule mama wa Morogoro yuko tayari? Tukampigia. Alikuwapo, alilikumbuka gari, akasema tangu miaka miwili anamwambia huyo baba abadilishe jina, maana faini za barabarani zinasoma gari bado ni lake. Tukaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini wa polisi: makosa manne hayajalipwa, kwa elfu thelathini kila moja, 120,000. Angekataa, au angesitasita, au simu yake isingepatikana, tungeliacha hata kwa milioni tano. Hilo nililisema kwa kaka na nililirudia kwa wifi ili nisije nikalainika.

Kisha bei. Nilikaa na daftari. Tairi nne 640,000. Shokapu mbili za mbele, used ya Japani, 180,000. Linki na bushi 90,000. Themostati na kulanti 70,000. Plagi, oili, filta na gasketi ya tapeti kava iliyokuwa inatoa jasho, 170,000. Mauntingi moja 80,000. Jumla 1,230,000 ili gari liwe la kumpa mtu aende nalo kazini usiku. Juu ya hapo kuna vitu visivyotengenezeka ila vinapunguza thamani: injini ni ya 1290, mbele imenyooshwa. Na kuna usumbufu wa makaratasi ambao tulikuwa tunaubeba sisi. Nikataja milioni saba na laki mbili. Dalali akacheka kicheko cha kukohoa. Tulizungushana simu tatu, tukamalizia 7,800,000, faini na deni vikitoka humohumo.

Siku ya malipo tuliipanga kama msiba, kila mtu na kazi yake. Yule mama alikuja na treni ya SGR ya asubuhi, nauli kwenda na kurudi juu yetu. Tulianzia ofisini kwa mkopeshaji: wifi akahamisha 2,650,000 moja kwa moja kwenye akaunti yao, wakatupa kadi, risiti ya kumaliza deni, na ule mkataba uliosainiwa bila tarehe, ambao niliuchana mwenyewe mbele yao. Kwenye bahasha ile ile ulikuwamo ufunguo wa pili uliopotea. Yule baba akatazama dirishani. Tukaenda kwa wakili, mkataba ukaandikwa kati ya yule mama na wifi, TIN zote mbili, yaani namba zao za mlipakodi, namba ya chesisi na ya injini zimesomwa kwenye gari lenyewe na si kwenye kopi, na yule baba akasaini kwamba ameuza na hana dai. Faini zikalipwa palepale kwa simu. Baki yake, 5,030,000, ikaingia benki baada ya maombi ya kubadilisha jina kuwa yameshaingia TRA. Bima ndogo, ile ya kufidia wengine tu, tukakata siku hiyo hiyo, 118,000, na stika tukaihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kabla ya kuondoka dirishani, maana stika bandia nazo zipo mjini.

Matengenezo yalichukua siku tatu na hayakuzidi daftari langu. Nikajipongeza. Themostati nilimpa mwenyewe kutoka dukani, mpya, kwa bei ya shemeji.

Wiki ya tatu wifi akanipigia saa kumi na moja jioni, yuko foleni ya Mwenge, haijasogea dakika ishirini. Taa nyekundu ya joto imewaka. Nilikuwa nimeshamwambia, na huu ndio ushauri pekee niliompa ambao sijutii neno lake: taa hiyo ikiwaka unazima injini hapohapo, hata wakikupigia honi Dar nzima. Alizima. Wakamsukuma pembeni vijana wa machungwa.

Fundi alipofungua, kisa chote kikajipanga mbele yangu kama shanga. Gari liligongwa mbele. Rejeta na feni vikavunjika. Aliyelinyoosha akaweka rejeta ya bei rahisi, ile nyeusi isiyo na kibandiko, na akarudishia feni ile ile iliyopigwa, mota yake imechoka. Gari likaanza kuchemsha kwenye foleni. Badala ya kubadilisha feni, mtu akatoa themostati, maji yakawa yanazunguka muda wote, injini ikawa ya baridi kupita kiasi barabara nzuri na ikavumilika kwenye foleni. Nikaja mimi na elfu sabini yangu nikairudisha themostati, na pamoja nayo nikaurudisha ugonjwa.

Hakuna mtu anayetoa themostati kwenye injini isiyochemsha. Nilikuwa nalijua hilo. Nimewauzia rejeta watu waliotoka kutoa themostati. Makongo Juu asubuhi ile niliona rejeta mpya nikaiandika kwenye faida, niliona themostati haipo nikaiandika kwenye gharama, na sikuziunganisha. Feni niliitazama tulipowasha AC: ilizunguka, nikaridhika. Sikujiuliza inazunguka kwa nguvu gani. Kwa injini iliyokuwa haipandi nyuzi 68 feni ile isingeweza kunionyesha udhaifu wake hata ningekaa pale hadi adhuhuri. Nilipaswa kuomba gari lirudishiwe themostati kwanza, kwa gharama zetu, liachwe linanguruma nusu saa limesimama, ndipo tutaje bei. Muuzaji angekubali; alikuwa na shida ya hela. Au kama ni haraka, ningelihesabu tatizo zima la kupoza injini, rejeta na feni na kila kitu, siyo kipuri kimoja.

Rejeta orijino used 180,000, feni na mota yake 110,000, kulanti na ufundi 70,000. Laki tatu na elfu sitini. Silinda hedi ilikuwa imepona kwa sababu wifi alizima mapema; ingeungua hii hesabu ingekuwa nyingine. Ukijumlisha yote bado lilibaki chini ya milioni kumi, kwa jina lake, kwa kadi yake, kwa funguo mbili. Nililipa rejeta mimi. Wifi alikataa, nikamwambia ni ada yangu ya shule.

Ile stika ya Kijapani kwenye nguzo ya mlango fundi wa kuosha aliomba aibandue na mazulia yote, wifi akamkatalia. Mwezi uliopita alinitumia picha mbili, moja ya stika na moja ya dashibodi. Dashibodi ilikuwa inasoma 104,500. Chini yake ameandika: "Wifi, leo tumefika Japani."